Jetoni Zilizobaki Ubaoni

Mama Odette, aliyenirithi ofisini, ameniomba niandike kazi ya ukatibu wa kanisa inavyokwenda, ili yeye na makatibu wengine vijana wasianze kwa kupapasa. Nilimwambia kazi ya ofisi inatosha ukurasa mmoja. Ufunguo wa kabati hukwama, uunyanyue kidogo kabla ya kuzungusha. Muhuri usiuache juani. Daftari la ubatizo liandike kwanza kwa kalamu ya risasi, maana wazazi hubadili jina la mtoto wakiwa wamesimama mbele ya maji. Basi, imekwisha. Akacheka, akasema, "Hapana, Tata Kalenga. Mi nataka ile yenye hautuambiaka."

Haya. Nitaandika Kiswahili cha Biblia, kile nilichochapwa fimbo shuleni ili nikijue, lakini maneno ya watu nitayaacha kama yalivyotoka vinywani mwao hapa Kolwezi, ambako baba ni tata, ndiyo ni njo, na j mara nyingi huwa y, kujua ikawa kuyua. Vyeo na mishahara sivigusi. Cheo changu kilikuwa kile kile miaka yote, na mshahara, ule wa kampuni na ule wa kanisa, haukuwahi kuwa na mengi ya kusimuliwa.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa kanisani. Nilikuwa pointeur kwenye lango la mgodi wa chini, yaani mtu wa kuandika nani ameshuka na nani ametoka. Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Kufikia saa nne asubuhi shati lilikuwa jekundu kama udongo wa mji huu, na mama yangu alilifua wiki nzima bila kulirudisha. Wachimbaji walinipa jina la Harusi, na jina hilo lilinikaa hadi mvua zilipokuja.

Aliyenifundisha kazi ni Tata Mwepu, mtu mfupi, si msemaji, mwenye kofia ya chuma iliyobonyea upande wa kushoto. Hakuwahi kunieleza ilibonyeaje. Kitendea kazi chake kikubwa kilikuwa ubao wenye upana wa mlango, umejaa misumari ya shaba nyeupe, kila msumari na namba yake. Kila mchimbaji alikuwa na jetoni yake, kipande cha duara cha chuma cha njano, ukubwa wa kizibo cha chupa, kimegongwa namba. Mtu akishuka, anakupa jetoni, unaitundika kwenye msumari wake. Akipanda, anaichukua, anakwenda nyumbani. Jetoni iliyobaki ubaoni zamu ikiisha ni mtu aliyebaki chini. Hakuna hesabu rahisi kuliko hiyo, na bado nilihitaji miaka zaidi ya ishirini kuielewa.

Alasiri moja, zamu ya asubuhi imekwisha toka, ilibaki jetoni moja, namba 417. Ilikuwa ya kijana aitwaye Ngoie, mwenye sauti nene ya kuimba na tabia ya kutoroka kazi. Wenzake wote walisema, "Ule? Alishatoka zamani, alipita ku nyuma." Wachimbaji walifanya hivyo mara nyingi, wakitoka bila kuchukua jetoni, na adhabu yao ilikuwa imeandikwa ukutani. Mimi nilikuwa na njaa. Nilichukua daftari la makosa nikaanza kuandika jina lake. Tata Mwepu akaniangalia, akaniuliza natafuta nini mle.

"Naandika kosa lake, tata, tufunge tuende."

Akavaa kofia yake iliyobonyea, akachukua taa mbili, moja akanipa mimi. Tukashuka. Tulimkuta baada ya muda wa saa nne, kwenye njia ya zamani iliyofungwa kwa mbao na maandishi makubwa ya kukataza. Alikuwa amejipenyeza humo akalale kidogo, jiwe likamwangukia mguuni, na taa yake ilikuwa imebaki kama jicho la panya. Tata Mwepu hakumuuliza anafanya nini kwenye njia iliyokatazwa. Alimshika kwapani, mimi nikashika upande mwingine, tukapanda naye. Adhabu yake Ngoie aliipata, tena kamili, lakini kesho yake, akiwa ameshakula na mguu umeshafungwa.

Tulipofika juu nilijua vizuri nilichokuwa nimetaka kufanya. Tata Mwepu akaugonga ule ubao kwa kidole. "Petit," akasema, yaani mdogo wangu, "ubao hauko wa kuonyesha nani ni mubaya. Uko wa kuonyesha nani hayatoka. Jetoni ikibakia, weye haufunge mulango. Unashuka."

Niliandika maneno hayo nyuma ya daftari langu. Kuandika sikuwahi kushindwa.

Miaka ikapita. Tata Mwepu akastaafu akaenda kulima kwao Mutshatsha. Ngoie alipona, akabaki anachechemea kidogo, akaoa Mama Berthe, akawa nguzo ya sauti ya chini katika kwaya ya kanisa letu, mtaani Kapata. Kisha kampuni ikaanza kuyumba, mshahara ukawa unakuja pale unapojisikia, na mwisho shimo letu likafungwa. Siku ya mwisho mkubwa wa lango aliniambia nikitaka ubao niuchukue, la sivyo watu watauchoma kuni. Niliubeba na jetoni zake zote kwa mkokoteni hadi nyumbani. Mke wangu aliuliza tutaula na sombe, mboga ya majani ya muhogo, au bila sombe.

Wakati huo kanisa lilikuwa linatafuta katibu. Walinichagua kwa mambo mawili: mwandiko wangu na ukali wangu. Nilianza kazi kwa kuandika sheria kumi na mbili za washirika kwa rangi ya bluu ukutani, herufi zinazosomeka hata na asiye na miwani. Kutokunywa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, kutokutengeneza lutuku, kutokufanya kazi siku ya Bwana, kutokununua wala kuuza siku ya Bwana, na kadhalika. Sheria hizo sikuzitunga mimi, nilizikuta. Nilichotunga mimi ni ubao.

Niliutundika mlangoni, upande wa kushoto. Kila mshirika nilimpa jetoni, na wale waliokuwa wachimbaji niliwaachia namba zao za zamani, jambo lililowafurahisha sana. Mimi mwenyewe nilijipa namba moja, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Jumapili ya Meza ya Bwana kila mtu alitafuta jetoni yake ubaoni, akaichukua, akaenda kumkabidhi mzee wa kanisa mbele, ndipo akapewa mkate na kikombe. Aliyevunja sheria hakuikuta. Ilikuwa ofisini kwangu, ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga.

Nisidanganye, niliupenda ubao huo. Niliusugua kwa majivu na ndimu kila Jumamosi. Wajumbe walikuja kutoka kanisa la Mutshatsha kupima umbali wa msumari na msumari. Wakati wa Meza nilisimama kando yake na kuwatazama watu wakitafuta namba zao, na nilijisikia vizuri kabisa, kama mtu aliyemaliza kufagia uwanja. Kulikuwa na mama mmoja ambaye jetoni yake ilikuwa koponi. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu akijifanya hajaiona namba yake, watu wanapita nyuma yake, kidole chake kinatembea juu ya misumari. Nilimwona. Nikabaki kando ya ubao wangu. Leo nikimkumbuka nasikia aibu hadi kwenye masikio.

Sasa nifike kwa Ngoie.

Mzee mmoja wa kanisa, fundi wa magari, aliniletea habari kwamba amemwona Ngoie kule Musonoi, kwenye mashimo ya wachimbaji wa mkono, hawa tunaowaita creuseurs. Amemwona Jumapili, tena si mara moja, ana matope hadi magotini. Nikafungua daftari. Nikaandika: Anachimba siku ya Bwana. Nikatoa namba 417 msumarini, nikaiweka koponi. Kazi yote haikuchukua dakika tano.

Jumapili ya Meza iliyofuata alikuja. Nadhani aliomba ruhusa huko alikokuwa, kwa sababu alifika mbio, shati limelowa jasho. Alitazama ubao, akanitazama.

"Katibu, jetoni yangu iko wapi?"

"Iko mu kopo."

"Mu kopo?" Akacheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa utani asiouelewa. "Juu ya nini?"

"Unajua mwenyewe," nikamwambia. "Ukitaka kuzungumza, uje ofisini, Jumanne au Alhamisi."

Alikaa benchi la nyuma hadi wimbo wa mwisho. Hakuimba. Ukiwa umezoea sauti ya chini ya mtu kwa miaka, kutokuwepo kwake unakusikia. Baada ya siku ile hakurudi. Mama Berthe aliendelea kuja peke yake, na kila mara tulipokutana aliniambia neno lile lile, kwa upole: "Tata Katibu, ingekuwa muzuri uende kumuona." Na mimi kila mara nilimjibu ofisi yangu ina siku mbili, Jumanne na Alhamisi. Mambo yakaendelea hivyo miaka mitatu.

Kisha Tata Mwepu akaja. Alikuwa mzee sana, amekauka, amepanda lori la mkaa kutoka Mutshatsha kuja kuonyesha macho yake hospitalini. Alilala kwangu, na kwa kuwa kesho yake ilikuwa Jumapili ya Meza, nikamchukua kanisani nikiwa na hamu kubwa aone nilichofanya na ubao wake. Aliusogelea, akaupapasa kwa vidole kwa sababu macho hayakumtosha. Alitabasamu. Nilifurahi kama mwanafunzi. Vidole vyake vikapita mstari wa nne, vikasimama.

"Mia ine na kumi na saba haiko hapa," akasema. "Si ya Ngoie? Ule wa mukulu?" Alimaanisha ule mguu.

"Ni ya Ngoie, tata. Iko mu kopo."

"Tangia lini?"

"Miaka tatu."

Watu walikuwa wanapita wakichukua jetoni zao. Kisha akauliza, si kwa ukali, aliuliza kama tulivyoulizana langoni kila siku ya kazi: "Na nani alishuka kumutafuta?"

Nilitaka kumweleza juu ya Jumanne na Alhamisi, nikaona haitasaidia. Ibada ikaanza, ikaisha. Tata Mwepu hakwenda Mezani. Watu walipotoka, alibaki kwenye benchi la karibu na mlango, mikono juu ya fimbo yake. Nilimwambia bukari, ugali wetu, imeiva nyumbani. "Enda weye," akasema. "Mi sifungi mulango. Kuko mutu chini." Mke wangu akaja kumwita. Pasta akaja kumwita. Mzee hakuinuka.

Basi nikatoka kwenda Musonoi na suti yangu ya ibada. Hapo barabarani ndipo nilipokumbuka kwamba kupanda pikipiki ya kulipa siku ya Bwana ni kununua, na kununua kulikatazwa kwa mwandiko wangu mwenyewe, wa bluu. Ningeweza kutembea, lakini ni mbali na jua lilikuwa kali. Nikasimama pale kama mjinga. Aliyeniokoa ni Amisi, Mwislamu mwenye duka na gari la mizigo pale Kapata, jirani yangu wa siku nyingi. Alisimamisha gari, akasikiliza shida yangu yote bila kunikatiza, akafungua mlango.

"Panda, Tata Katibu. Leo ni bure. Usivunje sheria yako."

Alicheka hadi Musonoi. Sikuweza kumlaumu.

Nilimkuta Ngoie kwenye mdomo wa shimo. Hakuwa anachimba. Amekaa juu ya bidoni, yaani dumu la plastiki, lililopinduliwa, mguu mbovu ameunyoosha, na mbele yake kuna ubao mrefu uliowekwa chini juu ya udongo. Juu ya ubao huo kulikuwa na viatu, kimoja kimoja, vyote vya mguu wa kushoto: kandambili, viatu vya mpira, kimoja cha ngozi kilichofungwa kwa waya. Vimepangwa mstari, na mbele ya kila kimoja amechora namba kwa kijiti. Vijana wawili wakapanda kutoka shimoni, kila mmoja akachukua kiatu chake, akamwambia, "Tata Pointeur, tulishatoka," wakaenda zao.

Nilisimama. Nikamuuliza amefanya kazi hiyo tangu lini.

"Tangu kampuni ilifunga," akasema. "Hapa bantu banashuka, hakuna mwenye kuyua nani iko chini. Mi na huu mukulu siwezi kuchimba. Nilisema, basi nilinde ku mulango."

"Na Jumapili?"

"Siku zingine tuko babili. Iko mwenzangu mumoja, Mulunda, tunasaidiana. Lakini yeye ni mutu wa kanisa, siku ya Mungu anaenda kuomba. Njo mi nabakia."

Hebu lisome tena neno hilo, Mama Odette, kama nilivyolisikia mimi. Alikosa Meza ya Bwana ili mwenzake aende kanisani na watu wasisahauliwe chini ya ardhi. Na mimi, niliyefundishwa kazi hiyo hiyo na mtu yule yule, nilikuwa nimemwandika kwenye daftari.

"Juu ya nini haukuniambia?" nikamuuliza.

"Haukuniuliza," akasema Ngoie. "Uliandika."

Nilikaa chini kwenye udongo na suti yangu. Nikamwomba msamaha. Nililia pia, sioni sababu ya kuficha. Yeye alinitazama kidogo, kisha akarudisha macho kwenye shimo, kwa sababu viatu viwili vilikuwa bado ubaoni. Akasema, "Ile siku yangu, mi nilikuwa mu giza, taa inakufa. Nilikuyua nilikosa, nilikuyua kule nilikatazwa kuingia. Lakini nilisema: jetoni yangu iko ku ubao, Mwepu hatafunga. Njo hiyo tu ilinibakisha muzima. Sikukuwa na kingine."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya neema. Mengine niliyaandika mimi mwenyewe, pasta akiwa na homa. Hakuna lililoniingia kama hilo la Ngoie akiwa juu ya bidoni.

Nilimwambia Tata Mwepu yuko kanisani, hajala, anangoja. Ngoie akaruka kwa furaha, mguu na yote, lakini hakuondoka. Vile viatu viwili. Tukakaa wote wawili hadi wenyewe walipopanda, mmoja baada ya mwingine, jua likiwa limeshaanza kulala. Ndipo tukarudi Kapata. Tata Mwepu alikuwa bado kwenye benchi lake. Alimpapasa Ngoie uso, mabega, hadi mguu, akasema, "Eh, weye, bado unapenda kubakia chini." Halafu akaniambia, "Sasa unaweza funga. Na ile bukari, ilishapoa?"

Mkutano wa wazee ulifuata, na haukuwa mwepesi. Fundi wa magari alipinga, na sitamdharau, hoja yake ilikuwa ya mtu anayelipenda kanisa. "Tukifungua kopo," akasema, "kesho kila mutu atafanya yake. Sheria ni ya nini?" Nilimjibu kwamba kule mgodini ile njia ya zamani ilikuwa imefungwa kwa mbao, na maandishi ya kukataza yalibaki pale pale siku tuliyomtoa Ngoie. Tata Mwepu hakuyang'oa. Lakini pia hakuyasoma kwanza ndipo aamue kama atashuka. Nikasema sheria zibaki ukutani, kopo ndilo liondoke, kwa maana Meza si zawadi ya waliotoka shimoni kwa nguvu zao wenyewe. Tulibishana mikutano mitatu. Mwisho pasta, kijana mwenye subira ambaye kwa kawaida hutuacha tuchoke, alichukua kopo akalimwaga mezani. Jetoni ishirini na sita. Akaanza kusoma majina, si namba. Alipomaliza, fundi wa magari akaokota mbili, akazitia mfukoni.

Tukaenda nyumba kwa nyumba. Ilichukua karibu mwaka, na si yote ilikuwa tamu. Mtu mmoja alinifukuza hadi njiani, na maneno aliyonitupia nilistahili zaidi ya nusu yake. Mama yule wa kidole juu ya misumari alikuwa anasali kwingine. Alinipa maji ya kunywa, akasema hatarudi, ila nitundike jetoni yake hata hivyo, apate kujua iko. Kumi na saba walirudi. Wawili tulikuta wameshafariki. Jetoni zao ziko mezani kwangu hapa ninapoandika, na zinaniuma.

Jumapili ya Meza ambayo Ngoie angerudi, ilibidi mtu amshikie bidoni kule Musonoi. Aliyejitolea kwanza, akinung'unika njia nzima juu ya kazi siku ya Bwana, ni fundi wa magari. Alirudi jioni amebadilika rangi kwa vumbi, akasema, "Balikuwa makumi ine na tatu. Bote balitoka." Alisema kwa fahari kabisa. Tangu hapo wanaume wa kanisa wanapokezana, na mimi pia nimekaa kwenye bidoni lile mara nyingi. Ushauri kwa vijana: chukua maji, vaa kofia, na usikubali mtu akuachie kiatu cha kulia, utachanganyikiwa.

Ubao tuliurudisha kwenye kazi yake. Mezani hakuna anayeulizwa jetoni. Mtu akiingia kanisani anaichukua ubaoni na kuitia kikapuni, basi. Ibada ikiisha, zilizobaki kwenye misumari ni watu ambao hatukuwaona. Katibu hafungi mlango mpaka kila jetoni iliyobaki imepata mtu wa kuibeba na kwenda kutazama kuna nini. Hiyo ndiyo kazi, Mama Odette. Mengine ni muhuri na kabati.

Tata Mwepu alikufa Mutshatsha, amelala usingizini, ameshiba. Tulikwenda kumzika. Ngoie aliimba.

Na sasa nimalize kwa jambo ambalo Mama Odette analijua nusu. Nilistaafu mwaka huu, wakanipa saa ya ukutani na kitenge cha mke wangu. Jumapili ya kwanza baada ya kukabidhi funguo, nilifika nikakuta ubao umehamishwa kutoka kushoto kwa mlango kwenda kulia, ili ngoma za vijana zipate nafasi. Nikasema ni vizuri. Nilikwenda nyumbani nimevimba. Miaka yote ile kushoto, na mimi sijamaliza hata wiki tangu nikabidhi funguo! Jumapili iliyofuata nikamwambia mke wangu goti linaniuma. Alilitazama goti, akanitazama mimi, akaenda ibadani peke yake. Nikabaki uani nikijipa haki, na nilikuwa na haki nyingi sana siku hiyo.

Saa tisa hivi nikasikia hatua za mtu anayechechemea. Haikuwa zamu ya Ngoie huko shimoni. Alisimama mbele yangu, bado amevaa shati la kwaya, akafungua kiganja. Namba moja.

"Imebakia ku ubao," akasema.

Nikaanza kumweleza. Goti, jua, na tena ubao, je, ni halali mtu kuhamisha ubao bila kumwuliza aliyeuleta? Akaniwekea mkono begani.

"Tata Kalenga, mi sikukuya kuuliza. Nilikuya kukutafuta."

Ngoie akageuka kuangalia njia ya kanisani, akasema kwa sauti yake ile nene, "Twende, tata. Mama Odette iko ku mulango, ufunguo mu mukono. Bote balishaenda. Yeye hayakula."

Nikainuka, nikaanza kutafuta viatu vyangu.